Mfuko si Ala

"Mfuko si ala." Methali hii ilianza hivi, nanyi kaeni mnisikilize, maana nimewasikia mkiicheka. Mmemsikia mama yenu mkubwa akimkemea Samboja kwa kutia kisu cha kumenyea tangawizi mfukoni mwa suruali, mkadhani ni mambo ya nguo. Si mambo ya nguo hata kidogo. Ni maneno yaliyotoka kinywani mwa mke wa mtu, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, akimwambia baba mkwe wake. Na huku kwetu Upareni mnajua wenyewe: mkwe hatazamwi usoni, sembuse kukatazwa.

Mwanamke huyo aliitwa Nakijwa. Alikuwa fundi cherehani hapa hapa Ivumba, ameolewa na Eliamani, mwana wa Mzee Mrindoko. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Naetwe, wa miaka mitano, aliyempata baada ya kuzika wawili. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililompa ulimi.

Mzee Mrindoko alikuwa mfanyabiashara wa tangawizi, mtu wa heshima na kauli yake. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia bure. Koti lake refu la kijivu alilivaa masika na kiangazi, na mfuko wa kulia wa koti hilo haukukosa pipi. Watoto wengine walinyoosha kiganja wakangoja kupewa. Naetwe peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuingiza mkono mwenyewe. Akimwona babu yake anatokea, huyo, mbio, anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anapekua, na mzee anacheka hadi machozi yanamtoka. Furaha yake yote ilikuwa hapo.

Basi mwaka ule majambazi waliwavamia wenye tangawizi mara tatu kwenye kona za barabara ya kushukia tambarare, na mmoja wa waliovamiwa alirudi nyumbani bila mkono. Mzee Mrindoko akaomba silaha. Alifuata taratibu zote, akapewa leseni yake kihalali, akanunua bastola ndogo nyeusi inayoenea kiganjani. Muuzaji alimsihi achukue na ala yake ya ngozi, ile ngumu inayofunika kifyatulio. Mzee akakataa. Wanaotutania kwamba Mpare ni mbahili watasema ni bei, na bei ilikuwamo, sikatai. Lakini kubwa zaidi, alisema ala inamfanya mtu avimbe kiunoni, na mwizi akiona umevimba anakuanza wewe. Mfukoni ni siri, akasema, tena mkono unafika upesi. Na ili iwe upesi kwelikweli, akawa anatembea nayo risasi imekwisha kupandishwa.

Asubuhi moja akaja kwenye kibanda cha Nakijwa, koti begani. Alitaka mfuko wa kulia uongezwe kina, utiwe kitambaa kizito, na ndani ushonewe kitanzi cha kuishikilia bastola isigeuke. Akaitoa akaiweka mezani, katikati ya chaki na mkasi, vivi hivi tu.

Nakijwa hakuwa mgeni wa vitu hivyo. Baba yake mzazi alikuwa askari wa wanyamapori huko tambarare, na alikuwa na neno lake ambalo watoto wake walilijua kwa moyo: bunduki haina macho ya kujua nani anaivuta. Kidole, uzi, kijiti, vyote kwake ni kidole. Nakijwa akalikunja koti vizuri, akamrudishia baba mkwe kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Baba, koti hili nitalishona popote unapotaka. Mfuko huu siushoni."

Mzee akauliza kulikoni.

"Nguo inalegea, na kila kilichomo kinageuka. Mfuko si ala, baba."

Mzee akamwambia asijisumbue, pipi atazihamishia upande wa pili. Kulia bastola, kushoto pipi, shida iko wapi? Nakijwa akamjibu kwamba Naetwe hajui kulia wala kushoto, hata ndala anazivaa kinyume kila siku ya Mungu. Hapo mzee akacheka kile kicheko cha puani, akauliza tangu lini cherehani ikasomea bunduki. Akachukua koti lake akaenda zake.

Mnadhani alimtafuta fundi mwingine? Wapi. Alichukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani, akashona kitanzi kwa mkono wake mwenyewe. Akawa anawaonyesha wenzake, akisema mshono wa mwanamume hauna maneno mengi.

Tangu siku hiyo Mzee Mrindoko akipita, Nakijwa aliinuka, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, lakini mkono wa mtoto hakuuachia. Naetwe analia, anajinyonganyonga, babu anasimama na pipi zake upande wa kushoto. Watu wakaanza kunong'ona. Amemnyima babu mjukuu! Kumnyima mkwe chakula kungeweza kusameheka, lakini mjukuu? Ukoo ukaitisha kikao. Mzee Kiangi, mkubwa wa ukoo, mtu aliyependa kesi kuliko nyama, akatoa hukumu: Nakijwa alete kibuyu cha dengelua, apige magoti, aombe radhi, na mtoto aachwe aende kwa babu yake.

Eliamani alikuwa katikati, maskini. Huku baba, huku mke. Akamsihi mkewe alete hicho kibuyu mambo yaishe, pombe ya miwa haijamuua mtu.

"Pombe haiui," Nakijwa akamwambia. "Lakini kibuyu hicho kitasema nilikosea, na baada ya hapo mtoto nitamwachia. Wawili nimewazika kwa sababu sikuwa na la kufanya. Kwa huyu ninalo, na ninalifanya. Waniite wanavyotaka."

Kibuyu hakikupelekwa.

Juma hilohilo likapigwa baragumu la msaragambo. Kwenu vijana msaragambo ni jina tu, lakini siku zile baragumu likilia, kijiji kizima kinatoka na majembe kufanya kazi ya wote, na asiyetoka ana lake. Mfereji ulikuwa umejaa tope kutoka juu kwenye chanzo hadi mashambani. Nakijwa alikuwa humo ndani, tope hadi magotini, anachimbua na wanawake wenzake. Naetwe alikuwa ameachwa kwenye majani pamoja na watoto wengine. Wazee walisimama ukingoni wakielekeza, kama ilivyo kawaida ya wazee.

Mzee Mrindoko akaja akiwa amechelewa, na koti lake. Naetwe akamwona kabla ya mtu yeyote. Wiki nzima hajamgusa babu yake, mtoto yule, na leo hakuna mkono uliomshika. Akachomoka. Nakijwa aliinua macho akamwona anakimbia, mkono umekwisha kunyooshwa, na unakwenda upande uleule wa siku zote, wa kulia.

Hakupiga kelele. Alijua kelele ingemfanya mtoto akimbie zaidi. Alitupa jembe, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akakata njia, akamdaka mtoto kifundo cha mkono wakati vidole vimeshagusa mdomo wa mfuko.

"Mwachie mtoto," Mzee Mrindoko akasema taratibu.

"Simwachii."

Majembe yakanyamaza mfereji mzima. Hata wale waliokuwa mbali walinyoosha migongo.

"Mama Naetwe, unanivua nguo mbele ya watu."

"Livue hilo koti, baba, uliweke chini, usogee hatua kumi. Nitapiga magoti hapahapa kwenye tope, na kibuyu nitaleta leo hii. Lakini mkono wa mwanangu hauingii humo. Mfuko si ala."

Alilisema kwa sauti ya kusikika, akimtazama mkwewe usoni. Mzee Kiangi akafoka kutoka alikosimama, akimwamuru apishe njia. Nakijwa hakupisha. Alimsukuma mtoto nyuma ya mgongo wake akarudi naye kinyumenyume, hatua kwa hatua, na macho hakuyaondoa kwenye ule mfuko.

Mzee Mrindoko aliona haya, na mtu mzima akiona haya hufanya mambo ya kitoto. Akasema kwa sauti kwamba atawaonyesha wote kilichomo, waone kama kinauma. Akatia mkono mfukoni aitoe bastola. Sasa kile kitanzi chake cha katani kilikuwa kimelegea kwa siku zote zile za kutembea, kikashuka, kikaingia kwenye kifyatulio. Mzee akavuta, bastola ikagoma. Akaivuta kwa nguvu, kama unavyovuta jembe lililonasa kwenye mzizi.

Bastola ikalia ndani ya koti.

Watu wote walilala chini kwenye tope, wenye heshima na wasio nazo. Mzee peke yake alibaki amesimama, akikitazama kiatu chake kama si chake, kisha akakaa chini polepole. Vidole viwili vya mguu havikuwapo tena. Na wa kwanza kumfikia alikuwa nani? Nakijwa huyohuyo. Alichana kanga yake akamfunga mguu, akawaambia wanaume waache kushangaa watafute machela, wampeleke zahanati.

Mzee alipokwisha kuvuliwa koti na kuinuliwa, Nakijwa aliliokota, akaitoa bastola na risasi zake akaziweka mbali. Chini ya mfuko kulikuwa na tundu, kingo zake zimeungua. Akamwita Naetwe, akamsimamisha pale babu yake alipokuwa amesimama, akaliinua koti kwa urefu lilivyovaliwa. Tundu lilikuja usawa wa koo la mtoto. Alilipeleka koti kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akalitazama tundu akamtazama na mtoto. Mzee Kiangi alimwonyesha wa mwisho.

Miezi miwili baadaye Mzee Mrindoko alikuja kibandani anachechemea na mkongojo. Akaliweka koti mezani, akaonyesha mfuko wa kulia.

"Ziba," akasema.

Nakijwa akauziba kwa mshono wa mara mbili. Bastola ikashonewa ala ngumu na fundi wa viatu, ikakaa kiunoni, na aliyetaka kusema mzee amevimba akasema. Pipi zikabaki upande wa kushoto, na Naetwe akajua kushoto ni wapi kabla ya watoto wote wa rika lake. Na kila aliyemuuliza mzee amefanya nini mguuni, alijibu mwenyewe bila kuzunguka: mfuko si ala, niliambiwa bure nikakataa. Hivyo ndivyo neno lilivyotoka Ivumba, likashuka na magunia ya tangawizi mpaka tambarare, na sasa huambiwa yeyote anayeiweka hatari mahali pa kuficha akadhani ameiweka mahali pa usalama.

Lakini mnadhani Mzee Kiangi alinyamaza? Hukumu ni hukumu, alisema. Risasi haijafuta kikao. Alituma mtu mara ya kwanza kudai kibuyu, akatuma mara ya pili, mara ya tatu akaja mwenyewe. Alimkuta Nakijwa anashona, na Mzee Mrindoko amekaa pembeni kwenye kigoda, Naetwe yuko magotini pake, mkono umo kwenye pipi. Mzee Kiangi akauliza mbele ya wote kama kibuyu kinakuja au hakiji.

Nakijwa hakusimamisha cherehani.

"Kinakuja, baba. Nitakileta siku mfuko utakapokuwa ala."

Mzee Mrindoko akacheka hadi machozi yakamtoka, kile kicheko chake cha zamani. Mzee Kiangi akaondoka, akangoja. Alingoja mpaka akafa, na wanawe wamerithi kungoja, na kibuyu chenyewe hadi leo hakijafika.

Basi. Samboja, toa hicho kisu mfukoni. Mfuko si ala.