Sanduku la Matroni na Daftari la Jiografia

Hapo zamani, wanangu, na si zamani ile ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu ambayo hata shangazi zenu wanaikumbuka, palikuwa na shule ya bweni katika mji mmoja wa mlimani wanakolima tangawizi. Sogeeni karibu. Mwenye muwa atafune polepole, maana kisa hiki kina watu wanne, na nitakapomaliza nitawauliza swali. Atakayekuwa amesinzia hatakuwa na jibu.

Katika shule ile alikuwako matroni aliyelala na wasichana bwenini kwa miaka thelathini. Aliwasikia wakicheka, akawasikia wakilia chini ya blanketi. Alipokaribia kufa aliacha sanduku moja la mninga lenye kufuli na ufunguo mmoja, akaacha na neno: "Kila mwaka, siku ya wazazi, apewe yule aliyewafanya wakubwa wa hapa wasikie ukweli wa watoto. Akae nalo mwaka mzima."

Mtu ambaye hajalala bweni hawezi kujua thamani ya kitu kinachofungwa. Bwenini sabuni yako ni yetu, mafuta yako ni yetu, barua yako husomwa na wanane kabla hujaifungua. Sanduku lenye ufunguo mmoja ni nyumba.

Basi wakubwa walilipokea neno la matroni kwa heshima kubwa, kisha wakapeana sanduku wao kwa wao. Mwaka wa kwanza alipewa mzazi aliyehutubia juu ya urefu wa sketi. Mwaka wa pili alipewa mzazi aliyepinga hotuba ile kwa sababu ilikuwa fupi. Hatimaye likatua kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, Mzee Kalutu, likakaa kwake miaka saba. Kila mwaka alisimama akasema vijana wa siku hizi wameharibika, wakubwa wakapiga makofi, akarudi nalo nyumbani. Humo alihifadhi mbegu za mahindi.

Sasa njooni kwa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na mitano, chunusi tatu kwenye paji la uso na ya nne njiani. Aliandika riwaya. Hakumwambia mtu. Aliiandika katika daftari kubwa alilolijalidi kwa karatasi ya kaki, akaandika juu yake kwa herufi safi: Jiografia. Nani atafungua daftari la jiografia kwa hiari yake?

Ndani ya riwaya hakukuwa na joka wala binti mfalme. Kulikuwa na msichana anayefua vitambaa vyake vya mwezi alfajiri na kuvianika nyuma ya kuni ili kaka zake wasivione. Kulikuwa na msichana anayemwambia mama yake "sijambo" siku ambayo hakuwa mzima hata kidogo. Kulikuwa na mvulana aliyependwa na msichana huyo, ambaye siku waliyokutana kisimani alimwuliza swali la hesabu, akajibiwa, akaondoka, na msichana akalikumbuka swali lile wiki tatu. Kulikuwa na baba. Juu ya baba msichana aliandika hivi: "Baba yangu ni mlima. Mvua yake hunyesha upande wa wageni. Sisi watoto tuko upande mkavu."

Siku moja Mwalimu Mbonea wa jiografia alikusanya madaftari ili ayasahihishe. Kiranja wa darasa alipita dawati kwa dawati, akachukua lililoandikwa Jiografia. Nakijwa alikuwa jikoni akichambua maharage kwa zamu. Aliporudi, dawati lilikuwa tupu. Siku mbili hakula.

Siku ya tatu madaftari yakarudi. Nakijwa alilifungua la kwake. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya vema kwa wino mwekundu. Pale kwenye vitambaa vya mwezi, vema. Pale kwenye kisima, vema. Pale kwenye mlima, mwalimu alikuwa ameona neno moja analolijua, akalipigia mstari, akaandika pembeni: "Taja aina ya mvua." Mwishoni aliandika: kumi na saba kwa ishirini, kazi nzuri, ongeza michoro.

Mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja akumbuke kazi aliyoitia saini bila kuisoma.

Riwaya yenye alama haiogopwi. Nakijwa alimwazima mmoja, mmoja akamwazima mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu shule ile ijengwe, wanafunzi walionekana wakisoma jiografia wakilia. Mwalimu Mbonea aliwapita, akafurahi, akamwambia mwenzake kwamba mbinu yake mpya ya kufundisha imeanza kuzaa matunda.

Daftari likazunguka hadi likafika nyumbani kwa Mzee Kalutu, ndani ya mkoba wa mpwa wake. Mzee alisoma ukurasa wa baba. Jina lake halikuwamo. Nakijwa alimwandika baba yake mwenyewe, anayelima tangawizi ng'ambo ya bonde na hajui hata bodi ya shule ni kitu gani. Lakini Mzee Kalutu alijitambua, akakasirika kama mtu aliyepigwa picha akipiga miayo.

Akaitisha mkutano wa wazazi wote, na wanafunzi wakaketishwa mbele. Alitaka daftari lichanwe mbele yao. Hapo Mwalimu Mbonea akasimama. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameliona lile daftari, lenye vema zake nyekundu kila ukurasa. Angesema kwamba hakulisoma, angepoteza kazi. Basi akasema, kwa sauti ya mtu anayeegemea ukuta unaotikisika, kwamba daftari limesahihishwa, kila ukurasa, na daftari lililosahihishwa ni mali ya shule mpaka wakaguzi walione. Halichanwi. Alilipigania kama simba, wanangu, na hakujua linasema nini.

"Basi nitalisoma hapa," akasema Mzee Kalutu, "ili kila mzazi ajisikilizie uchafu huu."

Akasoma. Alikusudia kusoma ukurasa mmoja. Ukurasa ulipoisha mama mmoja nyuma akauliza kwa upole kama msichana aliviona vitambaa vyake vimekauka. Mzee akafungua wa pili ili kumjibu. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Watu wakaagiza vigoda nyumbani. Mzee Kalutu alikuwa na sauti nzuri, sauti ya hotuba za miaka saba, na safari hii ilikuwa imepata cha kusema. Alipofika kwa baba alisoma kila kilichoandikwa, cheusi na chekundu, kwa pumzi moja: "Mvua yake hunyesha upande wa wageni. Sisi watoto tuko upande mkavu. Taja aina ya mvua."

Kila baba alitazama viatu vyake. Mzee aliomba maji, akanywa, akaendelea, lakini sauti haikuwa ile tena.

Inasemekana jioni ile alipofika nyumbani alimwita binti yake wa mwisho, akamwuliza yuko kidato cha ngapi. Binti akamjibu kwa adabu, "Nilimaliza mwaka juzi, baba."

Laiti kisa kingeishia hapo, ningewapa sanduku wenyewe mligawe, nikaenda kulala. Lakini kuna mtu wa nne.

Mtu wa nne ni Mkunde. Yeye na Nakijwa walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Mkunde chini, Nakijwa juu. Mkunde aliwaambia watu wote kwamba mama yake ni muuguzi ng'ambo, ndiyo maana haji siku za kutembelewa. Nakijwa peke yake aliujua ukweli, kwa sababu Mkunde alimwambia chini ya blanketi, baada ya kumwapisha mara tatu. Mama hakuwa ng'ambo. Alikuwa mji wa chini, saa mbili kwa miguu, ameolewa na mtu mwingine, ana mtoto mchanga, anauza vitenge sokoni. Siku moja ya gulio Mkunde alijipanga mbele ya meza yake kama mteja. Mama alimtazama, akaichukua rula ya mita, akauliza, "Nikukatie mita ngapi?"

Mkunde akasema moja. Akakatiwa, akalipa, akapanda mlima.

Nakijwa aliiandika sura hiyo. Ndiyo sura iliyo nzuri kuliko zote. Alibadili jina la msichana, akabadili jina la soko, akamgeuza mama kuwa muuza viatu. Kitu kimoja alikisahau, au alikipenda mno kukiacha: msichana wa riwaya alishonea soksi zake nyeupe uzi wa bluu, kwa kuwa mweupe ulikuwa umemwishia.

Mzee Kalutu aliposoma kwa sauti habari za soksi, ambazo bwenini zilisomwa mbiombio bila kutiliwa maanani, wasichana waliokuwa wamekaa mbele hawakugeuza vichwa. Waliteremsha macho tu, wote, taratibu, mpaka miguuni pa Mkunde. Uzi wa bluu ulikuwa pale.

Tangu siku ile Mkunde alivaa viatu bila soksi, na alihamia kitanda cha pembeni mwa mlango, kule kwenye baridi. Nakijwa alimfuata.

"Nilibadili jina," akasema.

"Soksi hukubadili," akasema Mkunde.

Hawakuzungumza tena mpaka siku ya wazazi.

Habari zikateremka mlima kwa njia ya tangawizi, gunia kwa gunia, zikafika sokoni, zikafika kwenye meza ya vitenge, ambako mama alijitambua. Ijumaa iliyofuata mama akaonekana langoni mwa shule, vumbi mpaka magotini, amebeba gora zima la kitenge begani. Hakuwa amelipima. Mkunde aliitwa. Alitoka, akasimama mbele ya mama yake. Alilipokea lile gora. Mkono wa salamu hakuutoa.

Ikaja siku ya wazazi. Mkuu wa shule, Mwalimu Sifuni, mwanamke wa maneno machache, aliagiza sanduku liletwe. Mzee Kalutu alimwaga mbegu zake kwenye ungo mbele ya watu wote, akauvua ufunguo shingoni, akamkabidhi. Neno la matroni likasomwa upya: apewe yule aliyewafanya wakubwa wa hapa wasikie ukweli wa watoto. Mwalimu Sifuni akauliza kama yupo anayedai.

Mzee Kalutu akadai wa kwanza. Akasema kuandika si kusikika. Daftari lingezunguka miaka kumi mabwenini na mkubwa hata mmoja asingejua. Yeye ndiye aliyewakusanya wakubwa, yeye ndiye aliyesoma, na yeye ndiye aliyechomwa nalo wa kwanza, na bado akaendelea kusoma. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba safari hii hataweka mbegu.

Mwalimu Mbonea akadai wa pili. Akasema lile daftari liko hai kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Ni kweli hakulisoma kabla, alikiri mbele ya watu, na kukiri huko kulimtoa jasho kuliko kupanda mlima. Lakini amelisoma mara nne baadaye, na sasa anasoma madaftari yote, kila neno, na sanduku lingemfaa kwa kuhifadhi yale ambayo hajayafikia.

Nakijwa akadai wa tatu. Akasema, "Ningeandika uongo ningepata ishirini kwa ishirini." Akasema ameanza riwaya ya pili, na hana pa kuiweka. Ya kwanza ilichukuliwa dawatini bila yeye kuulizwa, ikasomwa mkutanoni bila yeye kuulizwa. Hakuichapisha yeye. Aliificha, na hata alipoiazimisha alimwazima mmoja tu. Angekuwa na kufuli siku ile, soksi za Mkunde zingebaki kuwa soksi.

Watu wakanong'ona kwamba kweli, kweli.

Mkunde akasimama wa mwisho. Hakuwa na soksi.

"Yeye ameandika, mwalimu amesahihisha, mzee amesoma," akasema. "Mimi ndiye niliyekatiwa mita moja. Mnasema mlisikia ukweli. Ukweli huo ulikuwa wangu, na sikuutoa. Nataka mahali pa kuweka vitu ambavyo hamtavisoma. Sanduku akipewa yeye, ataandika nini tena juu yangu, huku amejifungia?"

Nakijwa akasema bila kuinua kichwa, "Mama yako amekuja."

"Amekuja kwa sababu watu wamesikia," akasema Mkunde. "Mimi alikuwa ameshaniona."

Mwalimu Sifuni alisimama na ufunguo kiganjani, akamtazama mmoja mmoja. Sanduku lilikuwa wazi, punje moja ya mahindi imesahauliwa pembeni. Nyuma kabisa, karibu na lango, alisimama mwanamke mwenye vumbi magotini ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

Hapo mimi ninaacha, wanangu, kwa sababu kila aliyenisimulia alinipa mwisho wake, na kila mmoja alinipa ule uliompendeza. Mmoja amesoma bila woga, mmoja amelinda bila kujua, mmoja ameandika akavunja kiapo, mmoja ameishi akanyamaza. Wakubwa mliokaa kule nyuma, ngojeni. Leo wataanza watoto, na ninyi msikilize.

Ufunguo ni mmoja. Je, ungekuwa Mwalimu Sifuni, ungeuweka mkononi mwa nani?