Nahodha Aliyeshuka kwa Waliozama

Mwanamke mmoja wa Kirando, kando ya ziwa, jina lake Skolastika, alikuwa na mume aliyeondoka na meli asirudi. Mume huyo alikuwa fundi wa injini. Dhoruba iliikuta meli karibu na rasi, ikazama, na waliookoka walikuwa wachache. Miili mingine ziwa liliitupa ufukweni. Wa fundi haukuonekana. Ndipo midomo ilipofunguka. Wakasema aliikimbia meli kabla ya wengine, akaokolewa na mtumbwi wa Wakongo, na sasa yuko ng'ambo na mke mwingine. Skolastika hakujua alie au akasirike. Hakukaa matanga, wala hakuolewa tena. Jioni alipakua chakula cha watu wawili, na asubuhi kilichobaki akawamwagia kuku.

Katika mwambao huohuo palikuwa na nahodha, Desideri Kisanko, mwenye boti ya kukodi. Alibeba wachuuzi wa dagaa, wagonjwa, maharusi na yeyote mwenye safari. Mtafiti mmoja wa samaki alimfundisha kuzamia kwa mtungi wa hewa, na alipokwenda zake akamwachia vifaa. Kabla ya Desideri hakuna mtu wa pande zile aliyewahi kuifuata meli iliyozama. Walimwonya kwamba ziwa likishameza halidaiwi. Akashuka. Akashuka tena na tena, hata sikio moja likafa, lakini meli akaiona imelalia ubavu kwenye mteremko wa mwamba.

Habari zikawafikia wanunuzi wa vyuma chakavu. Walitaka shaba, walitaka pangaboi la kusukumia meli, wakamwahidi injini mpya awaonyeshe mahali, maana ya kwake ilikuwa kukohoa tu. Desideri akawajibu, “Ninyi mnaona chuma. Mimi nimeona kaburi, na kaburi sifukui.” Wakaenda zao wakimcheka, naye akaendelea kuiungaunga injini yake kwa waya.

Siku moja mchana alifika kwa Skolastika, akamkuta anachambua maharage.

“Mama,” akasema, “nimetoka kwa mumeo.”

Skolastika akauweka ungo chini. “Ng'ambo?”

“La, mama. Chini. Yumo chumba cha injini, kando ya pampu. Hakukimbia. Alikuwa anayatoa maji melini, wenzake wapone.”

Akamwekea kiganjani bangili ya shaba, ile ambayo Skolastika mwenyewe alimvika mumewe siku ya harusi. Hicho ndicho kitu pekee alichokitoa melini. Mama yule akapiga ukunga kama aliyefiwa saa ileile, majirani wakakusanyika, na waliokuwa wamesema maneno wakatazama chini.

Kisha Desideri akampakia yeye na wafiwa wengine, akawapeleka mpaka juu ya mahali penyewe, akazima injini. Katekista akasali. Skolastika akamwaga majini udongo wa uani kwake, akamwita mumewe kwa jina, akamuaga. Waliporudi matanga yakakaliwa, yakaanuliwa, na mwanamke yule akala akashiba. Tangu hapo, kila mavuno, kapu la kwanza la maharage lilikwenda kwa nahodha.

Desideri aliwatafuta waliozama wengi, wa mwambao ule na wa mbali, mpaka mwili ukakataa. Alifia kitandani, mzee. Siku ya maziko mgeni mmoja alitazama nyumba yake, akashangaa kwamba mtu aliyezifikia meli zote hizo hakuwa hata na kipande cha shaba ukutani. Akauliza, “Basi huko chini alipandisha nini?”

Skolastika, aliyekuwa sasa anatembelea mkongojo, akasimama. “Alitupandisha sisi,” akasema. Na wafiwa wa mwambao mzima wakaitikia, “Ndivyo.”

Nanyi mnaonisikiliza, yupo aliyeshuka gizani kwa ajili yenu. Je, kapu lake mmekwisha kulipeleka?