Mchezo wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa furaha, maskini. Ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu hakuikuta, palikuwa na kijiji na mfalme wake. Hapo aliishi Bi Mize, msuka mikeka. Akili alikuwa nazo, lakini akili haizuii msiba. Mwanawe wa kwanza, Faki, alifia vitani, mfalme alipogombana na nduguye kwa ajili ya bonde la mpunga. Akabaki na mmoja tu, Shaame.

Mwaka wa pili ugomvi ukarudi. Alfajiri jeshi likaondoka, na Shaame yumo. Bi Mize akasema, "La! Huyu simtoi."

Nchi ile ilikuwa na mila. Aliyefiwa na mwana vitani akitandika mkeka mbele ya mfalme, mfalme sharti aketi, wala hainuki mpaka shauri la mkekani liishe. Bi Mize akatandika mkeka aliousuka kwa siri, vyumba sitini na vinne: cheupe, cheusi, cheupe, cheusi. Akapanga kete za mti: wafalme, mawaziri, ndovu, farasi, ngome, na mbele yao askari wa miguu.

"Cheza, bwana mkubwa. Jeshi lako hili."

Akamfundisha mwendo wa kila kete, wakacheza. Ta! Ta! Ta!

"Mbona askari hawa hawarudi nyuma?" mfalme akauliza.

"Wangu alirudi?"

Mfalme akasogeza kete. Ta! Ta!

"Na mfalme, mbona haliwi?"

"Mwaka jana aliliwa nani, bwana? Wewe au Faki?"

Mfalme akatazama askari wake, wamelala pembeni wote. Machozi yakamlengalenga. Ilikuwa adhuhuri.

"Bi Mize, nimeelewa. Niache nikapige ngoma ya kulirudisha jeshi."

Ngoma ile haikupigwa ila kwa mkono wake. Lakini wazee wa baraza wakamzuia. "Shauri halijaisha, bwana. Mila ni mila."

"Basi tumalize, bibi! Upesi!"

Wapi! Mchezo haukuisha. Mfalme wa mti akakimbia, Bi Mize akamfukuza. Huku, kule. Kule, huku. Ta! Ta! Na mbali bondeni, ngoma za vita: ti! ti! ti! Kete zikamponyoka bibi wa watu, akaziokota, akacheza tena.

Alasiri wakaja watu wanne na machela. Bi Mize hakuuliza. Aliijua miguu iliyoning'inia.

"Shaame! Mwanangu! Mchezo nimeutunga mimi, nami sikuutia mlango!"

Akamshika mfalme wa mti wa upande wake mwenyewe, akamlaza ubavu.

"Nani angenizuia kufanya hivi tangu adhuhuri?"

Wazee wakainamisha vichwa. Mfalme akainuka, akaenda kupiga ngoma ya kurudi, huku analia kama mtoto.

Tangu siku hiyo ikawa kanuni: anayeona ameshindwa humlaza mfalme wake mwenyewe, akainuka zake. Bi Mize aliifundisha kwa kila aliyemjia. Yeye hakucheza tena.

Basi, wenzangu, ukianzisha jambo, lianzishe na namna ya kuliacha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Bi Mize hakupata mjukuu mwingine.

Hadithi yangu imekomea hapo.