Hakuna Msiba, Ni Mazoezi

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, naye alitumiwa na mtu wa kwaya yao. Ni ndefu kidogo. Chai yako ikipoa, utaipasha.

Katika milima ya Upare aliishi fundi cherehani aitwaye Mzee Naftali. Maisha yake yote alikanyaga cherehani kibarazani kwake, miguu inakwenda kutwa nzima na mwenyewe hajafika popote. Alipopita miaka sitini akamwachia mwanawe Sifaeli ile cherehani, akatangaza kwamba anataka kukimbia Mbio za Vilele. Watu walicheka, kisha wakaona kanunua viatu.

Mbio hizo si za uwanjani. Unaondoka alfajiri kwenye uwanja wa kanisa, unapanda vilele vitano kimoja baada ya kingine, halafu unarudi ulipoanzia. Juu ya kila kilele yuko mtu wa kukugonga muhuri mkononi. Kati ya kilele na kilele hakuna anayekuuliza umepita wapi, njia ni yako. Ila saa kumi na moja jioni kengele inapigwa, na atakayefika baada ya kengele hahesabiwi.

Mwaka wa kwanza misuli ilimkaza, akashushwa kwa machela. Mwaka wa pili ukungu ulishuka, akapotea, akafika uwanjani watu wanakunja viti. Mwaka wa tatu mkewe, Mama Sifaeli, akampa sharti.

"Baba Sifaeli, nenda kakimbie. Lakini safari hii kengele ikikutangulia, hivyo viatu ni vyangu, navivaa shambani. Wewe utakaa hapa kibarazani upumzike kama wenzako."

Mzee Naftali akakubali. Alimjua mkewe, akisema kasema. Na hakuna kitu alichokiogopa kama kurudishwa kwenye kile kibaraza. Huko juu milimani, kwa mara ya kwanza maishani, miguu yake ilikuwa inampeleka mahali, na jambo hilo lilimpa furaha ambayo hakujua amweleze nani.

Basi akaanza mazoezi mapema, mvua za vuli hazijaanza.

Sasa nisikilize. Kule milimani kijana akikimbia, ni kijana anakimbia, nani ana habari naye? Lakini mtu mzima mwenye mvi akitoka mbio, hilo ni jambo. Ama kuna aliyefariki, ama kuna nyumba inaungua. Siku ya kwanza Mzee Naftali alipopita mbio kwenye nyumba za juu, mama mmoja alijifunga kanga kiunoni akamfuata nyuma analia, wala hajui anamlilia nani. Nyumba ya pili wanaume walishatoka na majembe, wanauliza kaburi linachimbwa wapi.

Ikabidi asimame aeleze. Na ukishasimama kwa watu, huwezi kusema la kwako ukaondoka kama mgambo. Unasalimia, unauliza watoto, unauliza mahindi yameshikaje. Tangu siku hiyo, kila akikaribia nyumba alipaza sauti toka mbali, "Hakuna msiba, ni mazoezi!" Wenye nyumba wakaitikia, "Karibu, fundi." Naye akasimama, akawajulia hali, ndipo akaendelea.

Kijana mmoja hodari, Herieli, alifanya mazoezi njia hiyohiyo. Kila mara alimkuta mzee kasimama uani kwa mtu.

"Shikamoo mzee. Ukiendelea kuulizia ng'ombe za watu, utafika mwakani."

"Marahaba. Wewe tangulia."

Alijibu kwa upole, lakini moyoni alijua kijana hajakosea. Kila salamu ilikuwa inakula muda, na muda ndio alioukosa. Mzigo mkubwa kuliko wote ulikuwa Bibi Nakiete, mama mtu mzima sana aliyeishi nyumba ya mwisho, juu ya korongo, jirani na daraja la magogo. Bibi huyo salamu zake hazikatwi. Atakuuliza mke, atakuuliza wana, atakuuliza hata yule ng'ombe wako mkorofi kama bado anapiga teke ndoo. Ukidhani amemaliza, anavuta pumzi. Mzee Naftali alisimama hapo akihama mguu huu na mguu ule, lakini alisimama.

Siku ya mbio ikafika. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Wakimbiaji waliondoka na baridi yao, na Herieli na wenzake wakapotea mbele kama swala. Mzee Naftali akabaki nyuma na mwendo wake wa cherehani, uleule mpaka jioni.

Baada ya kilele cha tatu ukungu ukashuka, mzito, mkono wako mwenyewe huuoni vizuri. Akasimama. Mwaka jana ulimpoteza hapahapa. Aliona kibaraza kinamwita, akaona mkewe anafunga kamba za viatu vyake akienda kupalilia. Hakujua la kufanya, akafanya alilolizoea.

"Hakuna msiba, ni mazoezi!"

Akatega sikio. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka upande wa kushoto, "Karibu, fundi. Leo umechelewa."

Sauti hiyo aliijua. Akajua yuko wapi na njia iko wapi. Akaenda, akaita tena, nyumba ya pili ikaitika, na ya tatu ikaitika. Akapita hivyo, anaita anaitikiwa, kilele cha nne mpaka cha tano. Alipokuwa akishuka cha tano akawakuta vijana wanne wamesimama pamoja wanabishana njia ni ipi. Mmoja wao alikuwa Herieli.

"Mzee, unaona kitu?"

"Sioni. Nifuateni."

Wakafika kwa Bibi Nakiete. Muda ulikuwa umebaki mdogo, na daraja liko pale chini tu. Bibi alikuwa amejifunika blanketi mlangoni.

"Fundi," aliita. "Simama kidogo."

"Mzee, tafadhali," Herieli akanong'ona. "Kengele."

Mzee Naftali akatazama njia ya kushuka darajani. Akamtazama bibi. Miezi yote hajampita, akaona aibu kumpita leo kwa sababu tu ana haraka. Akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mama Sifaeli hajambo?"

"Hajambo."

"Na Sifaeli? Na yule ng'ombe?"

"Wote wazima, mama."

Vijana wanakanyagana nyuma yake. Bibi akavuta pumzi, kama kawaida yake.

"Vizuri. Basi usishuke huko. Daraja limechukuliwa na maji tangu asubuhi. Nimekaa hapa mlangoni nakungoja wewe nikuambie. Wale wa mbele nimewaita, wamenipungia mkono tu wakapita. Wako bondeni sasa wanatafuta pa kuvukia. Wewe pita nyuma ya zizi langu, fuata mfereji mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Vuka juu ya ukuta wake."

Herieli akawa wa kwanza kugeukia zizi.

Kule uwanjani watu walikuwa na wasiwasi. Siku inakwisha na hajatokea mkimbiaji hata mmoja. Mzee wa kanisa ameshika kamba ya kengele, anatazama saa. Mara ukungu ukatoa mtu. Si kijana. Ni mzee mwenye mvi, matope mpaka kiunoni, anakuja mbio peke yake. Wale vijana walikuwa wamebaki hatua chache nyuma, bado hawajaonekana.

Uwanja mzima ukasimama. Wanawake wakashika vichwa. Mzee wa kanisa akaachia kamba, akamkimbilia.

"Fundi, nani amefariki?"

Mzee Naftali akapita mstari wa mwisho, akainama akashika magoti, akatafuta pumzi.

"Hakuna msiba," akasema. "Ni mazoezi. Ila daraja limekwenda, pelekeni watu na kamba wakawatoe wenzetu bondeni."

Vijana wanne wakaingia nyuma yake wakitembea. Walikuwa na nguvu za kumpita tangu kwenye ndiva, hakuna aliyempita. Ndipo kengele ikapigwa.

Mama Sifaeli akapenya katikati ya watu. Akamtazama mumewe, akatazama chini kwenye miguu yake, akapiga goti akaanza kufungua zile kamba.

"Mama Sifaeli, nimeiwahi kengele," mzee akasema kwa hofu. "Mbona unavichukua?"

"Nikavioshe," mkewe akajibu. "Kesho utapitaje kwa Bibi Nakiete na matope haya?"

Funzo: Kujiandaa kwa safari ndefu si kukaza miguu peke yake. Wajulie hali watu wa njiani siku ambazo huna shida nao, maana siku ya ukungu sauti zao ndizo zitakazokuwa njia yako.

Ukimaliza kusoma, kabla hujaituma kwa mwingine, mpigie simu yule mtu ambaye siku zote unampungia mkono tu na kupita.