Kwa Nini Mama Hondohondo Hujikandika Ndani ya Mti

Zamani, ndege wa msituni walipokuwa hawajui mlango ni kitu gani, tundu la hondohondo lilikuwa wazi mchana kutwa. Mgeni aliingia, mgeni alitoka, na mama wa nyumba aliruka kutafuta chakula sawasawa na baba. Leo sivyo. Leo mama hondohondo akitaka kutaga huingia ndani ya mti, akaziba uwazi kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba, na mumewe akageuka mchukuzi. Wengi hudhani mume ndiye aliyemfungia. Mume wa watu hana kosa hilo. Anayo mengine, nayo tutayafikia.

Bi Hondo aliishi na mumewe kwenye mvule mkubwa ukingoni mwa msitu, na msimu alioupenda kuliko yote ni vuli. Kiangazi kikishachosha kila kiumbe, mawingu yakakusanyika na mvua ya kwanza ikapiga vumbi, Bi Hondo alitoa kichwa nje, akavuta harufu ya udongo uliolowa mpaka macho yakamlegea. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi, hata mvivu alishiba kwa kuacha mdomo wazi tu. Uyoga uliota kwenye magogo. Mkuyu wa bondeni uliivisha makuyu mpaka ukaanza kuyamwaga wenyewe, kana kwamba umechoka kuyabeba.

Siku kama hizo alikaa kwenye uwazi wa nyumba yake akawaza. Aliwawaza wanawe wa mwaka uliopita, ambao kila mmoja alikuwa na mti wake sasa, na hawakuja kumwamkia ila makuyu yakiiva. Hata hapo waliamkia huku wanatafuna. Aliwaza mayai atakayoyataga safari hii. Aliwaza nyumba yake inavyonukia mti mbichi mvua ikinyesha. Moyo ulimjaa, akatamani amshukuru mtu.

Halafu akamkumbuka jirani, na yote yakamchachia.

Wivu wa Bi Hondo haukuwa wa kuchagua. Mumewe akituama kwenye tawi kwa muda mrefu, aliliangalia lile tawi kwa jicho baya. Hata mvua aliyoipenda aliionea wivu, kwa sababu ikija kila mtu anashangilia, na yeye akija watu wanasema tu, karibu. Lakini hayo yalikuwa mazoezi. Wivu wenyewe, ule wa kukosesha mtu hamu ya kula, aliuweka akiba kwa jirani huyo, Bi Chozi.

Huyu Bi Chozi alikuwa ndege mdogo sana. Angeweza kusimama nyuma ya mdomo wa Bi Hondo akasitirika mwili mzima. Kiota chake kilining'inia kwenye mti wa pili kama kifuko, na ndani alikitandika sufi nyeupe aliyoichuma mwenyewe kwenye msufi. Kilikuwa kiota kizuri, hilo Bi Hondo hakulikana. Ndilo lililomuuma.

Ila sufi peke yake angeivumilia. Asichokivumilia ni vicheko. Bwana Hondo alipenda kusimulia kuliko kula. Nyumbani hadithi zake zilikuwa zimekwisha kazi: akianza kusimulia, mkewe alimmalizia. Bi Chozi na mumewe walikuwa hawajazisikia, basi walicheka mpaka kiota kikayumba. Bwana Hondo akienda kwenye makuyu alipitia pale, akirudi alipitia pale, na Bi Hondo mle ndani ya mvule alisikia mume wake akichekwa vizuri na watu wengine.

Jioni moja Bwana Hondo alirudi na kipande cha sufi kimemganda mdomoni. Hata hakujua. Akamwambia mkewe, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba ameingiza ncha ya mdomo kwenye kitanda cha jirani kuona kilivyo, na kwamba ni laini kama wingu.

“Na mdomo wako,” Bi Hondo akauliza taratibu, “ulikuwa unatafuta nini kitandani kwa watu?”

Mwanamume mwenye akili angekaa kimya. Bwana Hondo akasema ulikuwa unatafuta kujua ulaini.

Kesho yake, mume alipotoka, Bi Hondo akaanza kazi. Sufi asingekwenda kuchuma; nani aje amseme kwamba anamwiga yule mtu mdogo. Akageuza shingo, akang'oa unyoya wa ubawani mwake, akautandaza. Akang'oa mwingine. Uliuma, lakini kila ulipouma aliliona lile wingu la jirani likizidi kuwa gumu. Aling'oa ya mabawa, akang'oa ya mkia, mpaka tundu likawa na kitanda ambacho msitu ule haukuwa umewahi kukiona. Akataga juu yake, akajikunja, akamngoja mumewe aje ashangae.

Mumewe hakuja. Jua lilipanda, likapinda, na kutoka mti wa pili ukasikika ule ule msururu wa vicheko.

Pembeni mwake palikuwa na udongo wa kichuguu aliokuwa ameuleta tangu mvua ya kwanza kwa ajili ya kukandika sakafu. Bi Hondo aliuvamia. Alisema moyoni kwamba leo baba watoto ataukuta uwazi umezibwa, akalale huko huko kwenye sufi. Alilaza ule mdomo wake mpana ubavu, kama mwiko wa fundi muashi, akakandika kutoka chini kwenda juu, haraka, kwa hasira, na kwa ufundi ambao hata yeye hakujua anao. Katikati aliacha ufa. Hakuwa na namna: mtu mwenye wivu anahitaji pa kuchungulia.

Jua la alasiri likaupiga ule udongo, ukawa jiwe. Ndipo Bi Hondo alipotulia akatazama alipo. Alikuwa amemfungia mumewe nje vizuri sana. Kasoro ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ndani, hana unyoya wa kumrusha, ana mayai chini na njaa tumboni, na chakula chote cha dunia kilikuwa upande wa pili wa ukuta wake. Yule mtu aliyemfukuza asiporudi, au akirudi akachukia, basi yeye na watoto wale ambao hawajaziona hata nyuso za wazazi wao wamekwisha.

Bwana Hondo alifika na kuyu mdomoni. Akadhani amekosea mti. Akauzunguka mvule, akarudi, akabisha hodi.

“Kabishe kwenye sufi,” ikajibu sauti kutoka kwenye ufa.

Alipoelewa kilichotokea aliusogelea ufa. Kisha akasukuma lile kuyu kwenye ufa. Bi Hondo aliliangalia. Fahari ilimwambia alikatae, na tumbo likamwambia fahari inyamaze. Akalila. Mume akaleta jingine, na jingine, na jua lilipozama alikuwa anahema.

Asubuhi akaja kubomoa. Alikuwa amegonga mara moja tu wakati makelele yalipotoka mti wa pili. Kima alikuwa ameshuka. Bi Hondo, jicho kwenye ufa, aliona mkono mrefu ukiingia kwenye kile kifuko kizuri na kukifungua kama mtu anayemenya ndizi. Mayai yakaliwa. Sufi ikapeperuka, nyeupe, ikaelea mbele ya ufa wake.

Kisha kima akaja kwenye mvule. Bwana Hondo akamrukia, akapigwa kofi akaanguka matawini. Mkono ukafika kwenye udongo, ukapapasa, ukajaribu ufa. Vidole viliingia, mkono haukuingia. Bi Hondo akakiuma kidole kimoja kwa wivu wote aliokuwa ameuweka akiba, na kima akaondoka analia njia nzima.

Baadaye Bi Chozi akaja, akatua mbele ya ufa. Bi Hondo alikuwa ameingoja siku ya kumwona yule mwanamke hana kitanda, na sasa imefika, akaitafuta furaha yake asiione. Alimpa pole. Bi Chozi alikuwa anatazama ndani, kwenye mayai yaliyolala juu ya manyoya.

“Shoga,” akasema, “nakuonea wivu.”

Katika maisha yake yote Bi Hondo hakuwahi kuambiwa neno lile, na alikuwa ameliwaza mara nyingi litakavyokuwa tamu. Halikuwa tamu. Bwana Hondo, aliyekuwa amerudi kugonga udongo, Bi Chozi akamgeukia.

“Shemeji, uache huo ukuta. Uache mpaka watoto wake watoke.”

Wakauacha. Ila Bi Hondo alitoa sharti kupitia ufa, kwa maana kuokoka ni jambo moja na kusahau ni jingine. Alimwambia mumewe kwamba yeye amefungwa humu na haoni mbali, basi huko aendako apige kelele, akienda na akirudi, ili ajulikane yuko wapi. Bwana Hondo akauliza kama apige kelele hata akiwa na mdomo uliojaa makuyu. Akaambiwa hasa hapo.

Na tangu siku hiyo, mvua za kwanza zikinyesha, mama hondohondo huingia mtini, hujing'oa manyoya, hujikandika, na mume huleta matunda mpaka vifaranga vikue. Mama hutoka kanenepa na manyoya mapya yanang'aa. Baba amekonda, na mtu asiyejua humpa pole asiyoistahili. Na ukimsikia hondohondo akipita juu ya miti kwa zile kelele zake za kukera, usiseme anaimba. Anaripoti nyumbani.