Ukoko wa Jiko Jipya

Nina kesi imenishinda. Sogeeni mniamulie, na asiyependa ubishi akae mbali.

Pangani aliishi Bi Mwanamkasi na wanawe watatu. Saumu, mkubwa wao, hasahau kitu. Hata kofi ulilompiga utotoni atakutajia siku yake. Kombo ni mwashi, mwenye mkono mwepesi. Mbaruku, kitinda mimba, ni fundi umeme.

Mama alibanwa na kifua. Daktari akamwambia aache moshi wa mkaa, au aache kupika. Kumwambia Bi Mwanamkasi aache kupika ni kumwambia aache kuwa mama, na alikonda kwa huzuni. Wanawe wakachanga, wakanunua jiko la umeme. Kombo, kwa pupa, akalichomeka kwenye soketi ya redio. Ile ni nyumba ya zamani, nyaya zake nyembamba za kuwashia taa tu. Soketi ikayeyuka, mama akarudi mkekani analia.

"Jiko linataka waya mnene, wa peke yake, kutoka kwenye boksi la umeme sebuleni," Mbaruku alisema. "Lakini ukuta huu wa mawe na chokaa tukiuchimba wote, paa litatuangukia."

Hapo Saumu akakumbuka. "Baba alipovuta umeme alizika bomba tupu humu ukutani. Alisema, 'Iko siku nitamnunulia mama yenu jiko la umeme.' Nilikuwa na miaka sita." Marehemu hakuwahi kulinunua.

Bomba lipo, lakini wapi? Ukuta ulishapigwa lipu mara tatu tangu hapo. Kombo akaugonga kwa vifundo vya vidole asubuhi nzima, akisikiliza. Kisha akatoboa matundu mawili tu, moja kila ncha ya bomba, si makubwa kuliko kikombe, na ukuta haukupata ufa.

Bomba lilikuwa na kona, waya ukakwama. Mbaruku akaupaka sabuni, akauvuta kwa kamba taratibu mpaka ukatokea jikoni. Akaliwekea jiko swichi yake, akazika waya wa ardhi ili mama asipigwe na umeme, akapima mara mbili ndipo akawasha.

Jiko likawaka. Mama akapika pilau bila kukohoa hata mara moja, na majirani wakapiga vigelegele dirishani. Hata mimi nilifurahi kama jiko ni langu.

Sasa, desturi ya nyumba ile: ukoko wa chini ya sufuria hupewa mtu mmoja tu, aliyeifaa nyumba siku hiyo, wala haugawanywi.

"Bila kumbukumbu yangu mngekuwa bado mnabomoa," alisema Saumu.

"Kumbukumbu haitoboi ukuta, dada," alisema Kombo.

"Na tundu halipiki pilau, kaka," alisema Mbaruku. "Tena soketi aliiunguza nani?"

Mama akacheka, akaukwangua ukoko ukatoka mzima, akauweka kwenye sahani. Akawatazama wote.

"Na aliyezika bomba?" akauliza.

Sahani iko mkononi mwa mama, ukoko unapoa. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?