Mkwe Aliyehamia Bondeni

Nisameheni mapema, kisa hiki nitakiharibu, maana huanza kucheka kabla yenu.

Shekiondo alikuwa na bwawa kwenye mto unaovuka mpaka. Mvua ikizidi alifungua lango kimya kimya, na kijiji cha mtani wake Nyanzala, upande wa pili wa mpaka, kikaamkia majini.

"Mtani, tupigie simu kwanza, tuhamishe watoto," Nyanzala alimwomba.

"Maji hayana pasipoti, wala hayapigi hodi!"

"Haya, hilo limekwisha. Lakini mtani hanyimwi: nipe mama mkweo nikae naye masika hii. Nasikia ndiye anayekutawala humo ndani."

Shekiondo nusura amkumbatie. Kesho yake mama mkwe akahamia kwa Nyanzala, nyumba ya kwanza ukingoni.

Masika ikaja, bwawa likajaa pomoni. Shekiondo aliposhika lango, mkewe akamdaka mkono.

"Umzamishe mama? Piga simu!"

Akapiga.

"Ahsante, mtani," Nyanzala akajibu. "Tunapanda mlimani sasa hivi, mama mbele. Na mwakani tupigie pia, anasema harudi huko."

Shekiondo akaketi chini, hoi.

"Na godoro lake nililibeba mimi mwenyewe," akanong'ona, "tena nikiimba!"